Maswali ya Wasomaji: Betri na Mkanda wa Gari Lililokaa Muda Mrefu

Barua za safari hii zimetoka Tanga, Iringa, Muscat, Mwanza na Nairobi, na zote zinahusu gari lililosimama kwa wiki au miezi kisha likagoma kuwaka, ama likawaka huku linapiga kelele. Tumeziweka pamoja kwa sababu waandishi wake, na mara nyingi mafundi waliowahudumia, wanaitazama betri peke yake na mkanda peke yake, ilhali katika gari lililolala muda mrefu ubovu wa kimoja huwa ndio unaouchochea ubovu wa kingine.

SWALI: Ndugu mhariri, Toyota IST yangu ilikaa nyumbani kwa wazazi wangu kwa miezi mitatu nilipokuwa masomoni Dodoma. Niliporudi na kuzungusha ufunguo ilitoa mlio wa "tak-tak-tak" bila kuwaka. Jirani alinibusti kwa gari lake, injini ikawaka, lakini mkanda ulilia kwa sauti kali kwa takriban dakika nzima, na taa ya betri kwenye dashibodi ikabaki na mwanga hafifu. Nililizungusha gari mtaani kwa robo saa, nikaliegesha, na asubuhi yake hali ikawa ileile. Fundi wa kwanza ameniambia ninunue betri, wa pili anasema mkanda umekwisha, wa tatu anataka kufungua alteneta. Nianze na lipi, nisije nikanunua vyote vitatu bure? – Msomaji, Tanga.

JIBU: Ndugu msomaji, usinunue chochote mpaka betri hiyo uliyonayo ichajiwe kwa chaja ikajaa. Mafundi wote watatu wameona dalili za kweli, ila kila mmoja ameishikilia dalili moja. Betri iliyokwisha chaji huvuta umeme wote ambao alteneta, yaani mashine ya kuzalisha umeme inayozungushwa na mkanda, inaweza kuuzalisha, na kadiri alteneta inavyodaiwa umeme mwingi ndivyo inavyokuwa nzito kuzungushwa. Uzito huo unauangukia mkanda ambao kwa miezi mitatu ulikuwa umejikunja mahali pamoja, juu ya puli (magurudumu yanayopitiwa na mkanda) ambazo kwa hewa ya chumvi ya Tanga huwa zimeshaota kutu nyembamba. Mkanda unateleza na kulia, na kwa kuwa unateleza, alteneta haifikii mwendo wake, hivyo betri inazidi kukosa chaji na mzigo unabaki palepale. Ukilipeleka gari katika hali hiyo kwa fundi wa betri atakuonyesha betri isiyo na nguvu, na ukilipeleka kwa fundi wa mikanda atakuonyesha mkanda unaoteleza, na hakuna kati yao atakayekuwa amesema uongo.

Tazama kwanza betri ilivyokwisha. Hata gari likiwa limefungwa na funguo ziko kabatini, saa, kompyuta ya injini, king'ora na redio huendelea kunywa umeme kidogo kidogo. Gari zima la kawaida huvuta chini ya miliampea 50 linapokuwa limezimwa. Tuchukue gari lisilo na tamaa kabisa, linalovuta miliampea 20 tu: kwa siku moja linatumia karibu nusu ya ampea-saa (Ah), na kwa siku 90 linafikia 43Ah. Betri ya NS60, ambayo ni ya kawaida kwa magari madogo kama lako, ina uwezo wa takriban 45Ah. Kwa hiyo hata bila ubovu wowote miezi mitatu inatosha kuimaliza, na kama umefunga kifaa cha kufuatilia gari kwa satelaiti, itakuwa imekwisha mapema zaidi. Robo saa uliyozunguka mtaani haikuweza kurudisha umeme uliopotea kwa miezi mitatu. Alteneta imetengenezwa kurudisha kile stata ilichotumia na kulisha taa na vifaa vingine gari likitembea, na kuitegemea ijaze betri tupu ni kuichosha kabla ya wakati wake.

Itoe betri, au walau ichomoe nyaya zake, ukianza na upande wa hasi. Ichaji kwa ampea 4 hadi 5, yaani sehemu ya kumi ya uwezo wake, kwa saa 10 hadi 12, mahali penye hewa ya kutosha na mbali na moto, kwa sababu betri inayochajiwa hutoa haidrojeni, gesi inayolipuka kwa cheche moja. Usikubali kuchajiwa "kwa haraka" kwa ampea nyingi dukani, kwani joto la chaji ya namna hiyo huharibu sahani za risasi zilizomo ndani. Baada ya kujaa iache ipumzike kwa saa kadhaa, usiku kucha ikiwezekana, kisha pima kwa mita ya volti. Volti 12.6 au zaidi ni betri iliyojaa; 12.4 ni karibu robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni karibu robo. Ikiwa baada ya chaji kamili na mapumziko unasoma kama 10.5, maana yake ni kwamba moja ya seli sita imekufa, kwa kuwa kila seli huchangia volti 2.1, na hapo fundi wako wa kwanza atakuwa ameshinda. Ikisoma vizuri, irudishe garini, mtu apige stata huku wewe ukiangalia mita: volti zikiporomoka chini ya 9.6, betri inaonyesha sura nzuri bila kuwa na nguvu ya kubeba mzigo.

Kabla ya kuirudisha, angalia vichwa vya betri. Unga mweupe au wa kijani uliojikusanya pale huzuia umeme hata betri ikiwa nzima, na ule mlio wa "tak-tak-tak" mara nyingine hutokana na unga huo tu. Usafishe kwa maji ya moto yaliyochanganywa na magadi ya kuokea, ukizuia yasiingie ndani ya betri, sugua kwa brashi mpaka risasi ing'ae, kausha, funga upande wa chanya kwanza na wa hasi mwisho, kaza kiasi kwamba kichwa hakizunguki ukikishika kwa mkono, kisha paka grisi au vaselini juu yake.

Sasa mkanda. Zima gari na utoe ufunguo kabisa, kwa sababu feni ya rejeta katika gari lako ni ya umeme na inaweza kuanza kuzunguka ufunguo ukiwa umewashwa. Na kama umevaa kanga, mtandio au mikono mirefu, vifunge vizuri kabla ya kuinama. Pindua ukingo wa mkanda uone upande wenye mifereji. Mkanda unaong'aa kwa kuungua, ulionyofoka vipande, uliolowa oili, au wenye nyufa nyingi zinazokatiza mifereji, hauna matibabu, ubadilishwe. Lakini usidanganywe na kukosekana kwa nyufa: mikanda ya kisasa imetengenezwa kwa mpira aina ya EPDM, ambao huchakaa kwa kulika ndani ya mifereji bila kupasuka, kwa hiyo mkanda unaweza kuonekana mzuri na bado ukawa umekwisha. Bonyeza kwa kidole gumba katikati ya sehemu yake ndefu kuliko zote. Ukizama kwa zaidi ya takriban sentimita moja, umelegea. Katika injini ya 1NZ iliyomo kwenye IST nyingi mkanda hukazwa kwa kusogeza alteneta yenyewe, kazi ya dakika chache kwa fundi mwenye spana, na huenda hiyo ndiyo gharama yote utakayoingia upande huo. Asikaze kupita kiasi, kwani mkanda uliokazwa mno hula beringi za alteneta na za pampu ya maji.

Ukitaka kujua kama tatizo ni ulegevu au ni puli zilizokaa upande, washa injini, simama kando, nyunyiza maji kidogo kwenye mifereji ya mkanda. Kelele ikizidi papo hapo, mkanda unateleza kwa kukosa ukazo. Kelele ikipotea kisha ikarudi maji yakikauka, kuna puli isiyokaa sawa na nyingine.

Kinachonitia wasiwasi zaidi katika barua yako ni ile taa ya betri yenye mwanga hafifu. Mkanda ukilegea mno au ukikatika, taa hiyo huwaka kwa nguvu. Inapowaka hafifu mara nyingi ni dalili kwamba moja ya diodi zilizomo ndani ya alteneta (vipande vinavyoruhusu umeme upite upande mmoja tu) imeharibika au brashi zake hazigusi vizuri, na diodi iliyoharibika huweza kuvujisha umeme wa betri usiku kucha gari likiwa limezimwa. Ukishachaji betri na kukaza mkanda, washa injini, pima kwenye vichwa vya betri: unapaswa kusoma kati ya volti 13.8 na 14.4. Ukisoma 12 na ushee na zinashuka, au taa ikiendelea kuwaka hafifu, fundi wa tatu ana haki ya kufungua alteneta. Kuna pia kipimo cha mkono ambacho mafundi umeme wazoefu hukitumia: asubuhi, kabla ya kuwasha gari lililolala usiku kucha, gusa mwili wa alteneta. Ukiukuta una uvuguvugu wakati injini yote ni baridi, diodi inavuja.

Nakusihi jambo moja. Katika gereji nyingi fundi hupima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inaunguruma, na gari lisipozima anasema alteneta ni nzima. Usiruhusu kipimo hicho kwenye gari lako. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alteneta. Ikiondolewa ghafla volti hupanda kwa kishindo, na kompyuta ya injini, ambayo bei yake inapita ya betri na alteneta kwa pamoja, inaweza kuungua hapohapo. Mita ya kawaida inatoa jibu lilelile bila kuhatarisha chochote.

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu. Toyota Corolla yangu ya mwaka 1998, injini ya 5A, imekaa bandani mwaka mmoja na nusu kwa sababu ya maradhi yaliyonilaza. Sasa nimepata nafuu na ninataka kuiwasha. Kijana wangu anataka tununue betri mpya, tuifunge na kupiga stata. Mimi nasita, kwa kuwa niliona mkanda mmoja wa mbele una nyufa. Je, kuna hatari? – Mwalimu mstaafu, Iringa.

JIBU: Shikamoo Mwalimu, na tunamshukuru Mungu kwa nafuu uliyoipata. Umefanya vyema kusita, na tunaomba kijana asipige stata bado.

Fungueni boneti kwa mchana mweupe mkatafute kwanza alama za panya. Banda la Iringa lenye baridi huwavutia kwenye joto la matandiko ya boneti, na hapo hutafuna nyaya na kingo za mikanda. Waya uliotafunwa ukikutana na betri mpya yenye nguvu unaweza kuanzisha moto, kwa hiyo kila waya uliochunika uvikwe upya au ubadilishwe kabla umeme haujaingia garini.

Mikanda ya mbele inayozungusha alteneta, pampu ya maji na vifaa vingine msiibishanie. Kwa gari la umri huo lililosimama kwa muda huo, ibadilisheni yote kwa pamoja, kwa kuwa bei yake ni ndogo kulinganisha na kubebwa na gari la kuvuta. Ikishatolewa, na kabla mipya haijafungwa, zungusheni kila puli kwa mkono, moja moja. Puli nzuri huzunguka kimya na laini; ile inayokwaruza kama inasaga mchanga, au inayogoma, beringi yake imeshika kutu, na kufunga mkanda mpya juu yake ni kuuchoma mkanda huo ndani ya siku chache. Hili ndilo jambo linalosahauliwa kuliko yote: watu hubadilisha mikanda mara mbili na mara tatu, nao unaendelea kulia, kumbe anayeugomea ni puli ya kifaa fulani.

Kuna mkanda mwingine usioonekana, nao ni wa taimingi, yaani unaolinganisha mwendo wa pistoni na valvu, uliofunikwa kwa kava la plastiki ubavuni mwa injini. Injini yako ya 5A hutumia mkanda wa mpira, tofauti na 1NZ zilizokuja baadaye ambazo hutumia cheni. Mkanda huo huzeeka kwa miaka hata gari lisipotembea. Ikiwa hukumbuki ulibadilishwa lini, au ni zaidi ya miaka saba iliyopita, ubadilishwe kabla ya safari yoyote ndefu, pamoja na beringi yake ya kukazia. Injini yako ina heri katika hili, kwamba mkanda ukikatika gari litazima, lakini pistoni hazigongani na valvu. Msomaji mwenye Subaru Forester ya zamani yenye injini ya EJ20 hana heri hiyo; kwake mkanda ukikatika valvu hupinda na kichwa cha injini hushushwa.

Baada ya hapo pimeni oili na maji, kisha fundi aizungushe injini kwa spana kwenye bolti ya puli kubwa ya chini, mizunguko miwili kamili, polepole, kuelekea inakozunguka saa. Ikizunguka bila kukwama, hakuna kilichoshikana ndani, na stata inaweza kupigwa.

Kuhusu betri, kijana yuko sahihi. Betri ya risasi ikikaa bila chaji, sahani zake hufunikwa na fuwele za salfeti ya risasi ambazo kadiri siku zinavyokwenda hugeuka ngumu na kukataa kuyeyuka tena. Betri iliyokaa tupu mwaka mmoja na nusu ni nadra kurudi. Mnaweza kuijaribu kwa chaji ya polepole ya ampea 2 kwa siku nzima. Ikilala usiku mmoja na kushuka chini ya volti 12.4, msipoteze muda nayo. Mnunuapo mpya, pimeni dukani kabla ya kulipa, isiwe chini ya volti 12.5, kwa sababu betri "mpya" iliyokaa rafuni mwaka mzima ina ugonjwa uleule wa hiyo mnayoitupa. Na ile ya zamani isiachwe uani wanakocheza wajukuu: ina risasi na asidi, vyote ni sumu, na muuza betri huipokea na kuilipia chochote kwa kuwa risasi yake huyeyushwa na kutumika tena.

SWALI: Ninafanya kazi Muscat na gari langu nimeliacha nyumbani Unguja, ninalitumia nikija likizo mara moja kwa mwaka. Mdogo wangu huliwasha kila Ijumaa kwa dakika tano likiwa limesimama, lakini kila nikifika nakuta betri imekufa, na mwaka huu mkanda nao ulilia vibaya. Je, nimwambie aliwashe kila siku, au nichomoe betri kabisa? – Msomaji, Muscat.

JIBU: Ndugu yetu, mdogo wako ana bidii ila dakika tano hazitoshi, na hesabu yake ni hii. Gari linalovuta miliampea 50 linatumia 1.2Ah kwa siku, sawa na 8.4Ah kwa wiki. Hata tukisema alteneta inaipa betri ampea 20 kamili, jambo ambalo injini inayounguruma taratibu bila kukanyagwa mafuta ni vigumu kulifikia, dakika tano zinarudisha chini ya 2Ah. Kila Ijumaa betri inabaki na deni la zaidi ya 6Ah, na kabla ya mwezi kuisha imeshapita nusu. Kuwasha kila siku kwa dakika tano kungepunguza deni hilo, lakini kungeleta madhara mengine, kwa sababu injini isiyopata moto wake kamili huacha maji yakijikusanya kwenye oili na ndani ya bomba la ekzosi, nalo likaoza kutoka ndani.

Kama mdogo wako ana leseni, mwombe aliendeshe mara moja kwa wiki, nusu saa au zaidi, barabara ya kwenda Bububu au upande wa Fumba, ambako atapata mwendo usiokatizwa. Katika mwendo huo awashe kiyoyozi kwa dakika kumi hivi baada ya gari kupata moto. Mzunguko huo wa kila wiki unaifuta kutu changa kwenye puli kabla haijaota mizizi, unaubadilishia mkanda mahali pa kujikunja, na unaipaka oili mipira ya ndani ya kompresa ya kiyoyozi. Mkanda wako haukulia mwaka huu kwa uzee peke yake. Kwa karibu mwaka mzima ulikuwa ukizungushwa dakika tano tu kwa wiki, katika hewa ya bahari, ukiivuta alteneta iliyolemewa na betri yenye njaa.

Kama hana leseni, asiliwashe kabisa, na wewe uchomoe waya wa hasi siku unayoondoka. Utapoteza saa na vituo vya redio, na baadhi ya redio hudai namba ya siri zikirudishiwa umeme, kwa hiyo iandike namba hiyo kabla ya kuchomoa. Injini nayo inaweza kuunguruma bila utulivu kwa muda mfupi siku ya kwanza, mpaka kompyuta ijifunze upya. Fahamu pia kwamba betri iliyochomolewa haiachi kupoteza chaji. Hujimaliza yenyewe polepole, na joto huharakisha jambo hilo, kiasi kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka huifanya kasi hiyo kuwa kama maradufu. Kwa joto la Unguja mtu aichaji kila baada ya miezi miwili au mitatu, na iwekwe mahali penye kivuli na pasipo na watoto.

Njia ninayoipendelea kwako ni paneli ndogo ya sola ya wati 10, yenye kontrola yake ya kuzuia chaji kupita kiasi, iwekwe juu ya bati na waya wake ushuke mpaka kwenye betri gari likiwa kivulini. Kwa saa tano za jua zuri paneli hiyo huleta kiasi cha 2.5Ah, maradufu ya kile gari linachotumia kwa siku, na haitegemei umeme wa nyumbani wala kumbukumbu ya mtu. Haitaufaa mkanda, hata hivyo. Ufikapo, kabla ya kuwasha, ufunguo ukiwa mfukoni mwako, panguza puli kwa kitambaa kikavu na msasa laini pale kutu inapoonekana.

SWALI: Shikamoo fundi. Mkanda wa gari la kaka yangu hulia kila asubuhi. Jirani ametufundisha kuusugua kwa kipande cha sabuni ukiwa unazunguka, na kweli unanyamaza. Kuna madhara? Pia naomba kujua kama naweza kuongeza maji ya kunywa ya chupa kwenye betri. – Msomaji, Mwanza.

JIBU: Marahaba mwanangu. Acheni kabisa kupeleka mkono kwenye mkanda unaozunguka. Vidole vikivutwa kati ya mkanda na puli havitoki vizima. Sabuni hunyamazisha kelele kwa muda tu, kisha hukauka, hukamata vumbi, na mkanda hung'aa na kuteleza zaidi. Dawa za kupuliza zinazouzwa kwa kazi hiyo hazina tofauti kubwa. Mkanda unaolia asubuhi na kunyamaza baada ya dakika moja unakuambia kwamba umelegea, au kwamba betri imeamka ikiwa na njaa na inaidai alteneta umeme mwingi. Pimeni betri asubuhi kabla ya kuwasha, kwa namba nilizomtajia msomaji wa Tanga hapo juu, kisha mpime ukazo wa mkanda.

Maji ya kunywa yasiingie kwenye betri, hata yawe safi namna gani, kwa kuwa yana madini yanayoharibu sahani. Nunua maji ya betri yaliyosafishwa, yanayouzwa vituo vya mafuta, na usome maandishi kwenye chupa, kwa sababu karibu yake huuzwa asidi, na betri inayotumika haiongezwi asidi. Jaza mpaka sahani zifunikwe na kufikia alama ya juu, na kama betri ilikuwa imeisha chaji, funikeni sahani tu kwanza, ichajiwe, ndipo mjaze mpaka kwenye alama. Ukijaza kabla ya chaji maji yatafurika.

SWALI: Nina Toyota Prius ya mwaka 2011. Nilisafiri wiki sita, na niliporudi hata milango ilikataa kufunguka kwa rimoti. Niliambiwa betri kubwa ya haibridi imekufa na bei yake imenitisha. Je, ni kweli? Na mkanda wa alteneta niuangalie wapi? – Msomaji, Nairobi.

JIBU: Ndugu msomaji, kwa dalili ulizozitaja mtuhumiwa wa kwanza ni betri ndogo ya volti 12, iliyo nyuma upande wa kulia chini ya sakafu ya buti. Hiyo ndiyo inayolisha kufuli, taa na kompyuta, na ikiisha gari zima huonekana limekufa hata kama betri kubwa ina afya. Fungua mlango kwa ufunguo wa chuma uliofichwa ndani ya rimoti, kisha fungua boneti. Ndani ya boksi la fyuzi kuna kichwa cha chanya chenye kifuniko chekundu kwa ajili ya kubusti. Waya mwekundu uanzie hapo uende kwenye chanya ya betri nzima ya gari linalokubusti, na waya mweusi utoke kwenye hasi ya betri hiyo nzima ukashikishwe kwenye chuma kitupu cha gari lako. Nyaya zikigeuzwa, unaunguza vifaa vya bei kubwa, kwa hiyo asifanye mtu mwenye haraka.

Gari likionyesha neno READY (tayari) kwenye dashibodi, liache katika hali hiyo na uliendeshe kwa saa moja hivi. Ukiichaji betri hiyo ndogo kwa chaja, usizidishe ampea 5, na ukiibadilisha nunua ya aina ileile yenye bomba la kutolea gesi nje, kwa kuwa imewekwa ndani ya gari wanamokaa watu.

Mkanda usiutafute. Prius ya kizazi chako haina alteneta, wala mkanda wowote wa nje kwenye injini: pampu ya maji na kompresa ya kiyoyozi huzungushwa kwa mota za umeme, na betri ndogo huchajiwa na kigeuzi kutoka kwenye betri kubwa. Fundi atakayekuambia mkanda wa alteneta ya gari hilo umekwisha, mwombe akuonyeshe ulipo. Betri kubwa nayo hupungua polepole gari likisimama, na mwongozo wa Toyota unataka gari liendeshwe walau mara moja kila baada ya miezi michache, kwa dakika 30 au kilomita 16. Ukisafiri tena kwa wiki sita, chomoa waya wa hasi wa betri ndogo, na kwa kuwa mlango wa buti hautafunguka kwa umeme, hakikisha ufunguo wa chuma unaofungua mlango wa dereva unabaki nawe.